Sufuria au kopo: vyakula na dawa za asili kwa mwenye saratani ya matiti

Mama mdogo alipotoka Muheza kuja Dar es Salaam kuanza dripu za kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, alishuka kwenye basi na begi moja la nguo na kapu la ukindu. Kapu ndilo lililokuwa zito. Ndani mlikuwa na majani makavu ya mstafeli, chupa ya mafuta ya habasoda, unga wa mlonge, manjano ya kusaga, tangawizi za shambani zikiwa bado na udongo, asali ya nyuki wadogo, na kopo la vidonge alivyouziwa na jamaa wa mtaani kwa shilingi 85,000 kwa maneno mawili tu: "vinasafisha damu". Kila kitu kwenye kapu lile kilitoka kwa mtu anayempenda. Hakuna hata kimoja kilichokuja na maelezo ya kutumika lini, kwa kiasi gani, na pamoja na dawa ipi ya hospitali.

Mimi ndiye niliyekuwa jikoni miezi ile, kwa hiyo uchaguzi uliniangukia mimi. Nilisoma, niliuliza, nilikosea mara kadhaa. Ninachokiweka hapa ni ulinganisho wa vitu vile, kimoja kwa kingine, kwa ajili ya yeyote mwenye mgonjwa ndani au mwenye ugonjwa mwenyewe, anayeletewa kila siku jambo jipya kwenye simu. Nililolishika katika yote ni hili: mmea huohuo ukiwa kwenye sufuria ni chakula, ukiwa kwenye kopo ni dawa. Na ukishaita kitu dawa, lazima ukiulize kinafanyiana nini na dawa nyingine zilizomo mwilini.

Pamoja na hospitali, au badala yake?

Huu ndio uchaguzi wa kwanza, na kwangu mimi hauna pande mbili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha hesabu yao ya wagonjwa 281 wa saratani ambazo bado zilikuwa zinatibika, waliochagua tiba mbadala peke yake wakaacha upasuaji, kemo, mionzi na dawa za homoni. Waliwalinganisha na wagonjwa wanaofanana nao waliofuata matibabu ya hospitali. Kwa upande wa saratani ya matiti, hatari ya kufa kwa wale waliobaki na tiba mbadala tu ilikuwa zaidi ya mara tano. Mara tano! Tena saratani ya matiti ni miongoni mwa zile ambazo hospitali inaziweza vizuri zikiwahiwa, ndiyo maana hasara ya kuchelewa ni kubwa namna hiyo.

Watu wa rika langu tunakumbuka mwaka 2011, foleni za magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwenda kunywa kikombe cha dawa ya miti, shilingi 500, cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Siwalaumu waliokwenda. Mtu mwenye maumivu hufuata mlango wowote aliosikia uko wazi. Lakini uvimbe kwenye titi haukusubiri mtu arudi safari.

Wala si kwamba hospitali inachukia miti. Dawa ya paklitakseli, ambayo wanawake wengi wenye saratani ya matiti huwekewa kwenye dripu, ilitokana na magome ya mti wa magharibi ya Marekani. Magome hayo yalikusanywa kwa uchunguzi mwaka 1962. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Muhimbili kina taasisi nzima ya tiba asili, na tangu sheria ya mwaka 2002 kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga. Tofauti ya dripu ya paklitakseli na chungu cha magome ni kwamba kwenye dripu kiasi kimepimwa kwa urefu na uzito wako, na madhara yake yanajulikana kabla hayajakupata.

Siku ya kliniki nililibeba kapu lote. Sikumwambia mama mdogo mapema, nikijua angelificha nusu. Daktari hakucheka wala hakukemea. Alitoa kitu kimoja kimoja, akauliza kinatumikaje, akaviweka mezani mafungu mawili: vya jikoni na vya kusubiri. Tangawizi, manjano na asali vilikwenda fungu la jikoni. Majani ya mstafeli, mafuta ya habasoda na lile kopo vilikwenda fungu la pili. Unga wa mlonge ulikaa katikati, na nitaeleza kwa nini.

Kichefuchefu: tangawizi, ndimu, au kidonge

Kwa hili tangawizi inashinda ndimu, lakini haimshindi kidonge. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, wenye wagonjwa 576 ambao wengi wao walikuwa wa saratani ya matiti, ulionyesha kwamba nusu gramu hadi gramu moja ya tangawizi kwa siku, ikianzwa siku tatu kabla ya dripu, ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza. Angalia mambo mawili. Kwanza, wote walikuwa wanameza pia dawa ya hospitali ya kuzuia kutapika. Tangawizi iliongezewa juu yake. Pili, kuzidisha kipimo hadi gramu moja na nusu hakukuleta nafuu zaidi. Gramu moja ya tangawizi kavu ni kama nusu kijiko cha chai. Kwa hiyo ile desturi ya kuchemsha mafungu mazima mpaka chai inachoma koo haina faida, na kwa mtu mwenye vidonda mdomoni ni mateso.

Ndimu na ubuyu vina kazi nyingine. Baada ya dripu ya pili mama mdogo alisema kila anachokula kina ladha ya misumari. Hapo ndipo uchachu ulisaidia: maji ya ubuyu yasiyo na sukari nyingi, tone la ndimu kwenye mchuzi wa samaki, na kijiko cha mti badala ya cha chuma. Vidonda vya mdomo vilipoanza, uchachu wote ukaondoka mezani. Tukahamia kwenye maji ya chumvi ya kusukutua na asali, na hiyo asali ina tafiti kadhaa zinazoiunga mkono kwenye vidonda vya mdomo vya wagonjwa wa saratani.

Ila ndimu haigeuzi damu kuwa alkali, kama unavyoambiwa. Uchachu wa damu hushikiliwa na mapafu na figo kati ya 7.35 na 7.45 kwenye kipimo cha pH, ule ndimu au ule wali. Ukiona damu yako imetoka nje ya hapo, uko mahututi.

Manjano ya mchuzi, manjano ya kopo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokuwa karibu kumdhuru mtu ninayempenda.

Wanawake wengi ambao uvimbe wao unakula homoni ya estrojeni hupewa tamoksifeni baada ya matibabu makubwa, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Tamoksifeni ukiimeza ni kama mahindi kabla ya kusagwa. Ini ndilo mashine ya kusagia: huibadilisha kuwa endoksifeni, na hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kinachoingilia ini kinaingilia unga wako.

Mwaka 2019 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya wanawake 16 waliokuwa wakitumia tamoksifeni, wakapewa na kirutubisho cha manjano. Kiasi cha endoksifeni kwenye damu kilishuka. Manjano yalipoongezewa kiini cha pilipili manga kilishuka zaidi, kwa takriban asilimia 12. Kundi lilikuwa dogo, na asilimia 12 si nyingi kwa mwanamke ambaye ini lake linasaga vizuri. Lakini wapo ambao ini lao linasaga polepole kwa asili yao, hawana cha kupunguza, na wewe na mimi hatuwezi kuwajua kwa kuwatazama.

Sasa soma maandishi madogo kwenye makopo ya manjano yanayouzwa mjini. Mengi yana pilipili manga ndani, na muuzaji analisema hilo kwa fahari, kwa sababu pilipili manga huyafanya manjano yaingie mwilini kwa wingi. Ni kweli. Ndiyo hasa shida yenyewe. Lile kopo la shilingi 85,000 lilikuwa na vyote viwili, na mama mdogo alikuwa anajiandaa kulianza siku moja na tamoksifeni, "ili zisaidiane".

Kijiko cha manjano kwenye sufuria ya mchuzi wa watu sita ni jambo lingine kabisa. Kiasi anachopata mlaji mmoja ni kidogo sana ukilinganisha na dozi ya kopo. Pilau liendelee, mchuzi wa nazi uendelee. Kopo likae.

Mlonge, mstafeli na habasoda

Mlonge ulikaa katikati kwa sababu majani yake ni mboga nzuri: yana protini, chuma na kalsiamu, na yakipikwa kama kisamvu kwa nazi na karanga mgonjwa anayala bila kujilazimisha. Unga wa kunyunyiza kijiko kimoja kwenye uji nao ni chakula. Vidonge vyake vyenye dozi kubwa sina sababu ya kuvinunua, na mizizi yake usiiguse, ina sumu. Kati ya vitatu hivi, mlonge wa majani ndio ningeuchagua bila kusita.

Mstafeli ni hadithi nyingine. Umeuzwa kwenye kila simu kuwa "unaua kansa mara elfu kumi kuliko kemo". Chanzo cha maneno hayo ni chembe za saratani zilizowekwa kwenye vichupa vya maabara na kumwagiwa kiini cha mmea. Kwenye kichupa hata jiki huua saratani. Hakuna jaribio lililofanywa kwa wanawake wenye saratani ya matiti likaonyesha kwamba majani yale yamewaponya. Upande wa pili, kuna kemikali ndani ya mstafeli iitwayo anonasini ambayo hudhuru mishipa ya fahamu. Madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliandika mwaka 1999 juu ya wagonjwa wa kutetemeka na kukakamaa wasiopata nafuu kwa dawa za kawaida, ambao wengi walikuwa walaji wakubwa wa matunda ya jamii ya stafeli na wanywaji wa chai ya majani yake. Na paklitakseli yenyewe huleta ganzi vidoleni. Ukiweka chai ya mstafeli juu ya ganzi hiyo, halafu ganzi ikazidi, utamlaumu nani? Majani hayo pia hushusha presha na sukari. Mwenye vidonge vya presha ajue. Tunda moja la stafeli lililoiva, mara mojamoja, ni tunda. Chungu cha majani asubuhi na jioni kwa miezi, hapana.

Habasoda naizungumzia kwa heshima, maana kwetu Tanga si dawa tu, ni jambo la imani. Mama mdogo aliniambia: "Mwanangu, Mtume amesema ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti." Sikubishana naye. Nilimuuliza tu kama Mtume alitaja kunywa nusu kikombe cha mafuta kila asubuhi. Akanyamaza, akacheka kidogo. Tukakubaliana mbegu zake kwenye mkate na kijiko kidogo na asali, kama alivyokula tangu utotoni, na mafuta ya chupa yakasubiri dripu ziishe. Maabara wameona mambo ya kutia moyo kwenye habasoda. Kwa wagonjwa wenyewe ushahidi bado haujatosha kumwambia mtu ayanywe mafuta hayo siku za kemo.

Kitunguu saumu kwenye mboga hakina neno. Vidonge vya kitunguu saumu viachwe mapema kabla ya upasuaji, kwa sababu vinaweza kufanya damu isigande haraka. Mwambie daktari wa upasuaji kila kitu unachomeza, na yeye akupe tarehe ya kuacha.

"Damu imepungua": rozela au maini?

Kila aliyekuja kumwona alileta chupa ya juisi nyekundu. Rozela, viazisukari, mchanganyiko wa vyote. Wekundu unadanganya macho. Rozela ina chuma kidogo. Ilichonacho cha maana ni uchachu unaosaidia mwili kunyonya chuma kilicho kwenye chakula kingine. Kwa hiyo glasi ya rozela pamoja na maharage na mchicha ina kazi. Glasi ya rozela peke yake, yenye sukari vijiko vinne, ni kinywaji kitamu basi, na kwa mwenye presha ya kushuka inaweza kumzidishia kizunguzungu.

Maini, dagaa, nyama ya ng'ombe na maharage ndivyo vyenye chuma chenyewe. Maini mara moja kwa wiki yanatosha. Na chai ya rangi isiandamane na chakula; ingoje saa moja, maana inazuia chuma kunyonywa. Hili ni badiliko la bure kabisa na sikuwahi kulisikia likisemwa kwenye foleni ya kliniki.

Lakini kuna jambo wengi hatuambiwi waziwazi. Siku za kemo damu haipungui kwa kukosa chuma peke yake. Dripu hupiga uboho, kule ndani ya mifupa damu inakotengenezwa. Kiwanda kikisimama, kupeleka malighafi hakutoshi. Ndiyo maana kuna wakati mgonjwa anakula vizuri kabisa na bado kipimo kinakuja chini, dripu inaahirishwa, na mpishi anajiona ameshindwa kazi. Hajashindwa. Chakula kinamfanya ainuke haraka kiwanda kikiwashwa tena. Kipimo kikiwa chini sana, ni damu ya kuongezewa hospitali.

Kiwanda hichohicho ndicho kinachotengeneza chembe nyeupe za kupigana na maradhi. Hizi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Wiki hiyo juisi ya kibandani, kachumbari ya mtaani, maziwa mabichi na mayai yasiyoiva viachwe. Matunda ya kumenya nyumbani, yaliyooshwa, yanafaa. Na homa ikifika nyuzi 38 usichemshe mwarobaini, usimeze Panadol kwanza ukasubiri asubuhi ukidhani ni malaria. Panda bodaboda, teksi, chochote, nenda hospitali usiku huohuo, na sema mlangoni kwamba unatumia kemo. Katika ulinganisho wote huu, hakuna mahali ambapo dawa ya asili inaweza kuua kwa haraka kama hapa, kwa kupoteza saa tu.

Sahani: uji, juisi, nyama, sukari, soya

Wiki ya tatu nilimkuta mama mdogo anakula mchicha wa kuchemsha na ndizi. Ndicho alichobakiwa nacho. Mtu mmoja alimkataza nyama, mwingine maziwa, mwingine sukari, mwingine wanga, mwingine mayai "ya kisasa". Ukijumlisha makatazo yote ya watu wema, mgonjwa anakufa njaa.

Nikiweka uji wa lishe na juisi ya mboga mbele ya mtu aliye katikati ya kemo, nachagua uji. Una nguvu, una protini, unapita kooni hata mdomo ukiuma. Wa kwetu ulikuwa wa ulezi, mchele kidogo na soya iliyokaangwa, ukaongezewa maziwa mezani. Karanga nilizichambua kwa mkono, mbegu moja moja kwenye ungo, nikatupa zilizokunjamana, zenye rangi ya kijani au nyeusi. Hiyo ni kwa sababu ya sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyooza ghalani. Ini la mtu wa kemo lina kazi ya kutosha. Uji wa lishe wa dukani wenye mchanganyiko wa nafaka nane usiojulikana umesagwa lini, siuchagui.

Juisi za mboga zina jaribio lao kubwa. Marekani wanawake 3,088 waliowahi kuugua saratani ya matiti waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihimizwa kula mboga na matunda kwa wingi sana, pamoja na juisi ya mboga kila siku. Walifuatiliwa miaka zaidi ya saba. Matokeo yalitoka mwaka 2007: saratani ilirudi kwa kiwango kilekile makundi yote mawili. Jaribio jingine la mwaka 2006, lenye wanawake 2,437 waliokwisha koma hedhi, lilipunguza mafuta kwenye chakula, na humo kurudi kwa saratani kulipungua kidogo. Tofauti moja niliyoiona baina ya majaribio haya ni kwamba wanawake wa la pili walipungua uzito, wa la kwanza hawakupungua. Sisemi imethibitika kuwa uzito ndio ulioamua. Ila ningekuwa na fedha ya mashine ya juisi, ningenunua viatu vya kutembelea.

Nyama na mayai: vinahitajika kujenga kidonda cha upasuaji na damu. Samaki, dagaa, kuku, mayai yaliyoiva, maharage, choroko, kunde. Nyama ya ng'ombe si lazima kila siku, soseji siyo chaguo. Maziwa yanafaa, hasa baadaye kwa anayepewa anastrozoli au letrozoli, vidonge vya kupunguza estrojeni, maana dawa hizo hula mifupa. Dagaa wanaoliwa na miiba yao, mtindi na jua la asubuhi ndiyo ulinzi wa bei ya kwetu.

Sukari: saratani hula sukari, na moyo hula sukari, na ubongo hula sukari. Ukiacha kabisa wanga, ini litaitengeneza kutoka kwenye misuli yako. Sababu ya kupunguza soda na chai ya vijiko vitano ni uzito, na hiyo ni sababu nzuri.

Soya imesingiziwa mno, kwa kuwa ina kitu kinachofanana na estrojeni. Utafiti wa Shanghai, China, uliochapishwa mwaka 2009, uliwafuatilia wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya matiti. Kati ya waliokula vyakula vya soya kwa wingi, waliokufa na waliorudiwa na saratani walikuwa wachache kuliko kati ya waliokula kidogo, wakiwamo waliokuwa kwenye tamoksifeni. Kwa hiyo soya ya uji ni salama. Vidonge vya kiini cha soya sivyo walivyokula wanawake wale, vikae dukani.

Pombe haina upande mzuri wa kulinganisha kwenye saratani hii, hata kidogo.

Ngozi, kidonda na mkono

Shubiri ya kupaka kwenye ngozi iliyochomwa na mionzi haina ubaya mkubwa, lakini haikuonekana kushinda krimu ya kawaida isiyo na manukato. Waulize wahudumu wa mionzi kwanza. Ya kunywa huharisha. Dawa ya meno na barafu usipake.

Kuna wanawake wanaofika wakiwa tayari na kidonda kilichopasuka, wamejifungia chumbani kwa sababu ya harufu. Wengi wamepakwa majani ya kutwanga, wengine samadi. Asali safi kwenye shashi ni bora mara mia kuliko samadi. Lakini harufu ile hutokana na bakteria, na wauguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, huiondoa kwa vidonge vya metronidazoli, vile watu wanavyoviita Flagyl, vikisagwa na kunyunyiziwa kwenye kidonda kwa maelekezo yao. Ni dawa ya bei ndogo. Nimemwona mama mmoja akirudi kukaa sebuleni na wanawe siku chache baadaye.

Na mkono. Ukitolewa tezi za kwapani, mkono wa upande ule unaweza kuvimba miezi au miaka baadaye. Jirani ataleta mtu wa hijama, mwingine atashauri chale "kutoa maji". Kwenye mkono huo, hapana kwa vyote viwili. Njia za kuondoa maji zimekatwa. Kila tundu kwenye ngozi ni mlango wa bakteria, na uambukizo mmoja unaweza kuufanya uvimbe wa kudumu. Chagua mazoezi ya kuinua mkono, kukandwa polepole na aliyefundishwa, na bandeji ya kubana. Hijama ya mgongoni siku za kemo nayo iache, damu haigandi vizuri wakati huo.

Baada ya dripu kuisha

Hapa ushauri wa sahani unageuka, na watu wengi hawageuki nao. Siku za kemo tulikuwa tunasukuma kalori ndani: uji wa maziwa, parachichi, siagi ya karanga. Dripu zilipoisha mama mdogo aliendelea na uji ule ule, bakuli lile lile, kwa sababu ndio "uliomponya". Kwa miezi sita aliongezeka kilo tisa. Saratani ya matiti ina tabia hiyo tofauti na nyingi: wanawake wengi hunenepa. Na mwanamke aliyekoma hedhi hutengeneza estrojeni yake kwenye mafuta ya mwili, yaani homoni ileile ambayo vidonge vinahangaika kuizuia.

Tukahama kutoka sembe kwenda dona, uji ukawa wa asubuhi tu, chapati zikawa za Ijumaa. Mboga sasa zikachukua nusu ya sahani, wakati kwenye kemo zilikuwa robo. Akaanza kutembea alfajiri na jirani yake mpaka sokoni na kurudi.

Ramadhani ilipokaribia aliniuliza kama atafunga. Mwaka wa dripu daktari alimkataza na imamu wake akamwambia vivyo hivyo, mgonjwa ameruhusiwa kula. Mwaka wa tamoksifeni daktari alimruhusu: kidonge kimoja kwa siku, ameze wakati wa daku, maji ya kutosha usiku, na akisikia kizunguzungu afungue. Alifunga mwezi wote. Zile za mwaka uliopita alizilipa kidogo kidogo, Jumatatu na Alhamisi.